Shafti Tatu Kutoka Ng'ambo

"Dhiraa ya mkono wa nani?"

Fundi Lali aliniuliza hivyo akiwa amekaa juu ya gogo la mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, tezo mapajani. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu. Nilikuwa na kitabu cha vipimo cha ofisini kilichosema dhiraa moja ni inchi kumi na nane na shibiri moja ni inchi tisa. Nilikuwa na kalamu mbili mfukoni, ya wino mweusi na ya wino mwekundu. Jibu tu ndilo sikuwa nalo. Nikacheka, nikaandika kumi na nane, nikafunga daftari.

Nawaambia haya ninyi vijana mnaoagiza vitu kwa kubonyeza simu mkiwa mmejinyoosha kitandani. Mjukuu wangu juzi aliagiza pampu kutoka China, ikamfikia kabla hajamaliza kubishana na muuzaji kuhusu rangi. Nikamuuliza, "Umepima shimo itakapoingia?" Akaniambia, "Shosho, imeandikwa ni saizi ya kawaida." Basi nikajua ni lazima nikae chini niandike, kwa sababu hiyo saizi ya kawaida iliniondolea heshima mbele ya kijiji kizima pale Kizingitini, visiwa vya Lamu, miaka ya sitini, Uhuru ukiwa bado unanukia rangi mpya.

Mimi ni mtu wa bara, kwetu ni Taita. Nilipelekwa Lamu kuwa afisa wa vyama vya ushirika, msichana mwenye viatu vya ngozi na maswali mengi. Wakubwa wangu walidhani nitachoka baada ya mwezi mmoja niombe uhamisho. Sikuchoka. Nilichokuwa nacho ni ugonjwa wa kuuliza kwa nini. Kwa nini chai inachemshwa mara mbili, kwa nini mkutano hauanzi saa iliyoandikwa, kwa nini mashua za Kizingitini zikitoka na kamba wakubwa wa mwambani, nusu yao hufika Lamu wamekufa.

Hilo la mwisho lilikuwa na jibu rahisi. Mnunuzi alitaka kamba aliye hai, anayepiga mkia. Safari ya tanga kutoka Kizingitini ilikuwa ndefu, na pale Mkanda, kile kijia cha maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, ukikuta maji yametoka unakaa ukiwaangalia kamba wako wakifa mmoja mmoja. Waliokuwa na injini walipita kabla maji hayajatoka. Injini ndiyo iliyokuwa inatafutwa na kila mtu, na mwenye kuziuza alikuwa mmoja tu, mfanyabiashara wa Mombasa. Sitamtaja jina, ameshatangulia mbele ya haki. Aliuza injini, rafadha, shafti, ile fimbo ya chuma inayounganisha injini na rafadha, na bomba la shafti, vyote kwa bei aliyopenda, na ukilalamika alikwambia, "Nenda kanunue kwengine," akijua kwengine hakuna.

Nilipofika Kizingitini nilifikia kwa mwenyekiti wa chama cha wavuvi, Bwana Shee, na mkewe Bi Zena. Bwana Shee alikuwa mtu wa maneno machache. Bi Zena alikuwa na maneno ya wote wawili. Asubuhi moja nilikuwa nyuma ya nyumba yao namsaidia kutafuta mayai, nikaona banda la kuku limejengwa kwa mbao za makasha ya injini. Kila kasha la yule bwana lilikuwa limekwanguliwa upande wa nje mahali palipokuwa na anwani, limekwanguliwa vizuri sana kwa patasi. Nikajiuliza, mtu anakwangua anwani ya nini? Nikaingiza kichwa bandani. Ndani, chini ya kinyesi cha kuku, upande wa pili wa ubao mmoja, maandishi yalikuwa mazima: jina la kiwanda, mtaa, mji, Uingereza.

"Bi Raheli," Bi Zena akaniita, "umepata mayai au umepata mume humo?"

"Nimepata kiwanda," nikamwambia.

Niliandika barua siku ile ile. Majibu yalichukua wiki nyingi, na yalianza kwa kuniita Bwana, jambo ambalo sikulisahihisha. Bei yao, pamoja na meli na bima hadi Mombasa, ilikuwa karibu nusu ya bei tuliyozoea. Nilipoisoma mbele ya wanachama, mzee mmoja akauliza, "Na hiyo nusu ingine ilikuwa ya nini?" Watu wakacheka kicheko cha hasira.

Kabla sijaendelea, niwape elimu bure. Ukiagiza kitu cha mbali usiulize bei tu. Uliza ni nini hakimo ndani ya bei. Uliza kimefungwaje, kwa sababu chuma kinachosafiri baharini bila grisi hufika kimekuwa kitu kingine. Na uliza kinauzwa kwa kipimo gani. Mwaka mmoja baadaye niliagiza parafujo za shaba mia moja arobaini na nne, nikijiona mwangalifu. Kumbe kiwanda kile kilihesabu kwa pakiti, na kila pakiti ilikuwa na parafujo mia moja arobaini na nne. Zilikuja ndani ya pipa. Mpaka nilipostaafu, vitanda, milango, viti vya harusi, hata marufaa za kusomea Kurani za Kizingitini zilikuwa zimekazwa kwa parafujo za mashua. Waliozitumia hawakulalamika.

Lakini pipa lile lilikuwa kichekesho. Shafti hazikuwa kichekesho.

Tuliamua kuagiza seti tatu kwanza, injini na kila kitu chake. Kiwanda kikaandika: shafti tutakupa fimbo ndefu ukate mwenyewe, au tukukatie na kuchonga ncha zake tayari? Kukata na kuchonga kulitaka mashine ya kereza, na Lamu haikuwapo. Ingebidi tupeleke Mombasa, kwa yule yule. Basi nikasema watukatie. Kilichobaki kilikuwa kipimo.

Mafundi wa kule hawakujenga mashua kwa michoro. Fundi Lali aliangalia mbao, akaangalia mteja, akaanza. Urefu alipima kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na vipande vidogo kwa kiganja kilichotanuliwa. Kila kitu ndani ya mashua, mataruma yaliyo mbavu zake, mkuku, mlingoti, kilikuwa ndugu wa mkono ule mmoja, na kwa hiyo vilikubaliana. Alikwisha kujenga vitako vya injini kwenye mashua zote tatu, akatoboa tezi, upande wa nyuma, kwa ajili ya bomba, akalala kifudifudi akapima.

"Dhiraa tatu na shibiri moya," akaniambia. "Zote tatu sawa."

"Hiyo ni inchi sitini na tatu," nikasema, nikijivunia hesabu yangu.

Ndipo akaniuliza lile swali. Nami, kama nilivyowaambia, nikacheka. Muelewe nilivyokuwa: nilikuwa nahoji kila kitu cha wenzangu, dini zao, saa zao, chai yao. Kitabu changu ndicho sikukihoji.

Makasha yalifika Kizingitini kwa mashua mbili baada ya miezi mitano. Mji mzima ulishuka pwani. Watu walisoma dua, Bi Zena akarusha mchele, wanawake wakapiga vigelegele. Injini ya kwanza ikakalishwa kwenye kitako chake kwa kamba na magogo, ikakaa kama imezaliwa pale. Fundi Lali akaingiza shafti kutoka nyuma, akaisukuma taratibu, akaisukuma tena. Halafu akaacha kusukuma.

Haikufika. Kati ya ncha ya shafti na injini palikuwa na nafasi ambayo kiganja changu chote cha kushikia kalamu kingeweza kuingia. Inchi saba. Tukajaribu ya pili, inchi saba. Ya tatu, inchi saba.

Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Wazungu wametuletea ya mtumbwi!"

"Si ya mtumbwi," mwingine akajibu, "ni ya mtoto, itakua!"

Pwani nzima ikacheka, ila sisi watatu. Bwana Shee alikuwa anaangalia makasha. Fundi Lali alichukua shafti moja akailaza mchangani, akalaza mkono wake juu yake, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na shafti ikaisha kabla ya mkono. Alikuwa mrefu kuliko mtu yeyote niliyemwona visiwani. Akanitazama.

Jioni ile wanachama walikaa ua wa nyumba ya Bwana Shee, na maneno yakaanza kuelekea mahali nilipoogopa. Fedha ilikuwa ya chama chote, watu walikuwa wameuza mbuzi na dhahabu ya wake zao. Lazima awepo mtu wa kubeba lawama. Mmoja akasema fundi amezeeka. Mwingine akasema macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Karatasi yangu ilikuwa inanikinga kabisa: "Kama ilivyopimwa na Fundi Lali Omari, dhiraa tatu na shibiri moja." Sahihi yangu ilikuwa chini yake. Afisa yeyote angelinyamaza, na fundi angerudi nyumbani akiwa fundi aliyekosea, na hakuna mtu ambaye angempa tena mashua ya kujenga.

Nikasimama. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano.

"Fundi alipima sawa," nikasema. "Aliniuliza dhiraa ya mkono wa nani, nami nikaona ni swali la mzaha. Niliandika ya kitabu. Kosa ni langu, na kama chama kinataka kuandika kwa wakubwa wangu Lamu, nitakupeni anwani."

Halafu Fundi Lali akasema kutoka kule nyuma alikokuwa amekaa, "Hiyo anwani isije ikawa imepimwa na wewe."

Kicheko kikatoka, kicheko cha namna nyingine. Halafu akasimama, akasema shafti haiwezi kurefuka lakini mashine yaweza kurudi nyuma. Kesho atavunja vitako vyote vitatu, atajenga vipya, na hataki malipo.

Alifanya kazi siku kumi na mbili. Ukitaka kujua ufundi ni nini, mtazame mtu akivunja kazi yake nzuri ili aifiche aibu ya mtu mwingine. Nilikaa naye kila siku. Nilimshikia kamba, nikampigia nyundo vibaya, nikafundishwa kupiga nyundo vizuri. Nilimletea futi ya chuma kutoka ofisini. Aliishika kwa vidole viwili kama mtu anayeshika samaki aliyeoza.

"Hii," akasema, "ikivunjika wafanyaje? Mkono wangu huu nikilala nalala nao."

"Lakini siku ukifa, Fundi?"

"Siku n'kifa, mashua si yangu."

Mashua mbili zilikubali. Injini zilirudi nyuma inchi saba, zikakaa, zikawaka. Siku ya kwanza mojawapo ilipopita Mkanda na kufika Lamu na kamba wote wakipiga mikia, mnunuzi alifikiri wamevuliwa pale pale gatini.

Ya tatu ilikataa. Ilikuwa nyembamba huku nyuma, imejengwa zamani na baba yake Fundi Lali, na injini ikirudi tu, tumbo lake linagonga mataruma. Ukiyakata mataruma unaiua mashua. Hapakuwa na njia ila kupata shafti nyingine yenye urefu wake. Na mashua ile ilikuwa ya Bwana Shee mwenyewe.

Basi mwenyekiti, aliyeshawishi wenzake waniamini, akabaki na injini mpya iliyofunikwa turubai ndani ya mashua isiyokwenda ila kwa tanga. Wenzake walimpita na mashine zao wakienda Lamu, na hapakukosa mwenye ulimi: "Bwana Shee, tukuvute?" Yeye aliinua mkono tu. Bi Zena ndiye aliyewajibu kutoka pwani, na majibu yake siwezi kuyaandika hapa.

Mimi nilirudi Lamu kwa wiki tatu kwa kazi za ofisi. Huko nikasikia kwamba yule mfanyabiashara wa Mombasa amepata habari ya shafti zetu na anawasimulia watu hadi Ras Kitau, huku huku Lamu, akipima hewa kwa mkono. Niliporudi Kizingitini, nilikuta mkutano umeitishwa. Jambo lilikuwa moja: tuagize tena ng'ambo, shafti ya Bwana Shee na seti nyingine nne, au turudi Mombasa tulikozoea.

Nilizungumza muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kama wakili. Nilieleza kwamba kosa si la ng'ambo bali la kipimo, na kipimo sasa kimepatikana. Nilionyesha ubao uliokwanguliwa na ubao uliotoka bandani, nikauliza ni mtu gani anayemficha mnunuzi wake mahali kitu kinapotoka. Nilisema hatutakuwa wateja wa mtu mmoja maisha yetu yote. Nilisema, nakumbuka vizuri kwa sababu nilijipenda sana nilipolisema, kwamba nusu ya bei ni nusu ya bei. Wazee walisikiliza, wengine macho chini. Nikaona nimewagusa.

Mzee aliyeongoza mkutano, kwa sababu Bwana Shee alikataa kuongoza shauri linalohusu mashua yake, akasema wanaotaka ng'ambo wahamie upande wa ukutani. Nilitazama chini kwa woga. Nilipoinua macho, ua ulikuwa mtupu upande mmoja. Wote walikuwa ukutani, hata yule kijana wa shafti ya mtoto. Fundi Lali alikuwa ameegemea ukuta akijisafisha kucha kwa kijiti.

Bwana Shee akaniambia neno moja. "Andika."

Tulipima kwa futi ya chuma, mara tatu, mimi nikiwa nimelala kifudifudi ndani ya mashua na Fundi Lali akishika ncha ya pili. Halafu yeye akapima kwa mkono wake, na nikaandika vyote viwili. Bwana Shee alingoja miezi minne na nusu. Shafti ilipokuja iliingia mpaka mahali pake kwa kusukumwa na kiganja kimoja, na Fundi Lali akaisukuma kwa kidole, ili tu watu waone.

Tangu hapo tuliagiza kwa miaka mingi. Injini, nyavu, kamba za nailoni ambazo wazee walizikataa kwa sababu mafundo yake yanafunguka yenyewe, dira, mabati ya shaba, na pipa lile la parafujo. Watu wa Kiwayu wakaja kuuliza tunafanyaje, tukawaandikia. Maafisa wa wilaya nyingine waliletwa kutazama daftari langu la maagizo, na ukurasa wa kwanza nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu: kila kipimo kitajwe pamoja na mtu aliyekipima. Nilihamishwa, nikapandishwa cheo, nikawafundisha wengine. Nimestaafu nikiwa na vyeti ukutani, lakini kitu ninachojivunia ni ule mkutano. Nimewasimulia wanafunzi wangu mara nyingi jinsi msichana wa bara alivyosimama na kukigeuza kijiji kwa hoja.

Bwana Shee alipofariki nilikuwa tayari mzee. Nilisafiri kwenda Kizingitini kumpa Bi Zena mkono wa pole. Tulikaa chumbani kwake, na kwa kumliwaza nikamkumbusha siku ile, nikasema marehemu alikuwa mtu wa kufuata hesabu.

"Hesabu gani?" akaniuliza.

"Nusu ya bei, Bi Zena. Niliwaonyesha, wakaelewa."

Akanitazama kama siku ile aliyonikuta bandani.

"Mwanangu, wewe ulipokuwa Lamu zile wiki tatu, yule bwana wa Mombasa alikuja hapa mwenyewe. Alikalia kiti hicho. Alisema shafti ya Shee ataileta bure, siku saba tu. Na mashine zile nne atatupa kwa bei ya chini kuliko ya Wazungu wako, na kila mwaka hivyo hivyo. Alitaka kitu kimoya tu: barua zako zikome."

Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia.

"Ungeliyua, ungelitwambia tutwae ya Mombasa. Wewe hasara hukuipenda. Shee aliwaita wote akawaambia bei ya yule bwana, akawaambia barua zikikoma bei itarudi kuwa yake, wachague, na asikuambie mtu."

Wote waliohamia upande wa ukutani siku ile, Bwana Shee mwenye mashua isiyokwenda akiwa wa kwanza wao, walikuwa wanajua kwamba bei ya Mombasa iko chini ya yangu.